Kamba ya Kijani Kwenye Hadithi ya Saba

Rufina Tejeda, mkutubi wa hapa mjini Xalapa, alisoma kila hadithi mara mbili: kwanza kwa raha, kisha na penseli mkononi. Mwaka ule tulikuwa majaji watatu wa tuzo ya hadithi za mizimu na sayari za mbali. Zilizofika fainali zilikuwa tisa. Waandishi walitumia majina ya bandia. Ya kweli yalifungwa kwenye bahasha, na ya mshindi tu ndiyo ingefunguliwa.

Alinipigia simu mchana mmoja. "Umeisoma ya saba? Ile ya mji ambao watu waliotekwa hugeuka taa za barabarani?"

"Nimeisoma. Inazishinda zote."

"Kijana anayesukumwa ndani ya gari jeupe, kiatu chake kimoja kina kamba ya kijani. Kamba ile nilimfunga mimi Nazario asubuhi aliyopotea. Polisi sikuwaambia. Hata mama sikumwambia."

Nazario, mdogo wake, alikuwa hajaonekana kwa miaka kumi na moja.

"Basi jitoe," nikamwambia.

"Nikijitoa wataniuliza kwa nini. Nikiipa kura, bahasha itafunguliwa. Na mwandishi akiwa mmoja wa waliomteka?"

Kuanzia siku hiyo alisukumia kabati mlangoni kabla ya kulala. Kikaoni aligeuka kila mlango ulipofunguliwa.

"Hii mizimu ya karatasi imekutisha kweli, bibi?" mzee Abundio, jaji wa tatu, akamtania.

Rufina hakucheka. Aliitetea hadithi ya saba sentensi kwa sentensi, akaipa alama zote. Tukakubaliana naye.

Ndani ya bahasha mlikuwa na jina la Casilda Utrera, muuza tamale, vitafunio vya unga wa mahindi vya mvuke, karibu na kituo cha basi. Rufina aliniomba nimsindikize.

Casilda alipotuona alimtambua dada yake Nazario, akaweka kijiko chini. "Nilikuwa nafungua kibanda, nikaona wanamchukua. Nikajificha chini ya meza. Kuja kwako nilishindwa, dada. Nikaandika."

"Uliwatambua?"

Alichungulia barabarani kwanza. "Mmoja bado hununua hapa. Kila Alhamisi."

Ilikuwa Alhamisi. Rufina alinishika mkono kwa nguvu, Casilda akatutoa kwa mlango wa nyuma.

Tuzo tuliitangaza kwa jina la bandia, ili Casilda asijulikane. Ukumbi ulipiga makofi, na hakuna aliyepanda jukwaani kuipokea.