Sukari Nguru Ina Jina Lake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, sukari nguru iliponitoa jasho mbele ya wakwe wa watu. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka.

Baba yangu alikuwa mrina asali wa Ikutha. Mizinga yake ya gogo ilichongwa alama ya ukoo wetu, mistari miwili na duara, na alama hiyo hiyo aliikwaruza kwenye kila kibuyu cha asali. Kuuza ilikuwa kazi yangu, hapa hapa Salama kando ya barabara. Mwaka huo mvua ilikosa, maua yakakosa, asali ikawa kidogo sana. Nami msichana nilijiona mjanja! Niliyeyusha sukari nguru, nikaikorogea ndani ya asali. Rangi ni ile ile, utamu upo, nani angejua?

Mama mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alinunua kibuyu akapeleka kwa wazazi wa msichana aliyechumbiwa na mwanawe. Wiki haikuisha, akarudi nacho nyumbani kwetu.

"Mzee wa kule alionja akatema," alimwambia baba. "Akaniuliza, 'Kwani binti yetu ni wa sukari nguru?' Sasa harusi imesimama."

Baba hakunipiga. Aiyai, heri angenipiga! Alichukua kisu, akaikwangua ile alama kwenye kibuyu, polepole, mpaka ikaisha.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, hii si yetu," alisema. Kisha akanipa asali ya mwisho nyumbani, aliyojiwekea iwe dawa ya kifua chake. "Peleka. Na useme kwa mdomo wako."

Nilienda na yule mama, nikasema yote. Mzee akaonja, akaonja tena. "Hii ndiyo ya Ikutha," akasema. Binti akaolewa.

Leo meza yangu hapa Salama ina asali na ina sukari nguru, kila moja kwa jina lake. Sukari nguru ni tamu, haikunikosea kitu. Mimi ndiye niliyeiita asali. Watu wanashuka kwenye magari wakiuliza, "Ile ya mistari miwili na duara iko?" Chema chajiuza, mwanangu. Naringa, ndiyo, acha niringe!

Basi shika hili: ukiwa na kidogo, uza kidogo. Usijazie kibuyu cha baba yako kitu ambacho huwezi kukitaja jina. Mungu akubarikie mikono yako, na alama yako isikwanguliwe na mtu, hata na mimi.