Nilimpeleka Gloria kwa Bibi Yake, Tamil Nadu

Niliondoka kwetu Koekelberg, Brussels, na hasira, siwadanganyi. Gloria alikuwa na miezi kumi, na bibi yake kule India hakuwahi kuuliza hata jina lake. Mume wangu Senthil kila siku: «Mama anahitaji muda.» Muda gani? Bon, nikamwambia abaki na kazi yake. Mimi naenda kumuuliza mwenyewe: huyu mtoto unamtaka, ao humtaki?

Chennai, asubuhi. Joto lilitupokea mlangoni mwa ndege. Kisha treni ya kusini, kutwa nzima: mashamba ya mpunga, miti mirefu ya mivumo, wauza chai wakipita wakiita. Mama mmoja nisiyemjua alimchukua Gloria mapajani bila kuomba, akampa ndizi. Nikamwacha. Mikono yangu ilikuwa imechoka.

Kijijini kwao Senthil tulifika usiku, tukalala, na asubuhi yake vita vikaanza. Mama mkwe alikaa uani, akanyoosha miguu, akamlaza Gloria juu yake na kumwogesha kwa maji ya vuguvugu. Halafu akachovya kidole kwenye wanja, akamtia doa kubwa jeusi shavuni.

Damu ikanipanda. «Unamucheka juu ni mweusi kama mimi?» Nikalifuta kwa kiganja.

Mama mkwe akashtuka, mkono mdomoni. Selvi, dada yake Senthil, anayejua Kiingereza, akaja mbio.

«Wifi, hapana! Doa ni la watoto wazuri, jicho baya lisiwapate. Mimi mwenyewe walinitia dogo tu, nionee huruma!»

Sikucheka. «Kama ni muzuri, mbona hamukuuliza hata jina yake?»

Selvi akatafsiri. Mama mkwe akajibu polepole, akimfuta mtoto maji masikioni: «Senthil alisema wewe hutaki tuwasumbue.»

Nilikaa chini palepale, kwenye maji.

«Maman,» nikasema, «mutie tena. Kubwa.»

Siku nne zilizobaki sikumbeba mwanangu. Bibi alizunguka naye kisimani, kwa mbuzi, kwa kila jirani, akilitaja jina lake mlango kwa mlango. Mimi nilifuata nyuma kama mgeni wa Gloria.

Brussels, Senthil alitungoja uwanja wa ndege na maua. Nilikuwa nimesafiri mbali hivyo kumgombeza mwanamke wa watu, kumbe wa kugombezwa nalala naye kitanda kimoja. Nikampigia mama yake, nikamshikisha Senthil simu.

«Muombe pardon kwanza,» nikamwambia. «Mimi ntafata kuombwa.»