Baada ya arobaini na mbili inakuja ngapi? Yaliyotukuta wodini mimi na kaka yangu

Wakuu, heshima kwenu.

Hii si chai, si hadithi ya kutunga. Wanaopenda kuandika "chai" kwenye kila uzi, leo naomba mpumzike kidogo. Kaka yangu mwenyewe atausoma, na nikiongeza chumvi atanisuta hapa hapa mbele yenu.

Mimi na kaka yangu Evarist tuna duka la mapazia Kariakoo. Ni duka la familia. Mzee wetu alilianzisha aliposhuka kutoka Rombo, sisi tukalirithi pamoja na kelele zake. Evarist ndiye mkubwa, ana mke na binti mmoja anaitwa Glory. Mimi ndiye mdogo, sina mke, na hilo si mada ya leo.

Bro ana mambo mawili. La kwanza, anatania kupita kiasi. Siku tulipoenda kumposea, wazee wa upande wa pili walimuuliza kijana umefuata nini hapa, akajibu amesikia kuna ndizi za jumla. Tulitoka jasho sote.

La pili, anapenda hesabu. Wenzake wanatazama mpira, yeye anachezea namba tasa.

Kwa mliokimbia vipindi kama mimi: namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Bro ana namna yake ya kuieleza. Anasema chukulia namba ni fremu za maduka mtaani. Namba tasa ni fremu yenye mpangaji mmoja. Sita si tasa, kwa sababu mbili na tatu wamebanana humo ndani. Saba ni tasa, yupo peke yake.

Sasa kuna game yake. Unachukua namba tasa na jirani yake anayefuata, unajumlisha. Mbili na tatu, tano. Tatu na tano, nane. Tano na saba, kumi na mbili. Mnapokezana, huyu anasema moja, yule inayofuata. Anayekosea ndiye anapanda ngazi kushusha jora la kitambaa kutoka rafu ya juu.

Hebu jaribuni kabla hamjaendelea kusoma, bila simu.

5, 8, 12, 18, 24, 30, 36, 42...

Inayofuata?

Kama umesema 48, karibu chamani. Mimi nimesema 48 kwa miaka. Ukishaona 12, 18, 24, zinapanda sita sita vizuri kabisa, ulimi unateleza wenyewe. Kumbe baada ya 19 na 23, zinafuata 23 na 29. Katikati hapo fremu zote zina wapangaji wengi, hakuna hata moja ya mtu mmoja. Jirani yuko mbali. 23 na 29 ni 52.

Na bro, kwa ustaarabu wake wote, kila siku ananiambia, "Anza wewe, dogo." Nikadhani ananiheshimu. Ukianza wewe, hesabu mwenyewe, 52 inakuangukia wewe. Nimepanda ngazi ile mpaka majirani wanajua soli za viatu vyangu.

Tuje kwenye siku yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, wateja wachache. Akaja mama mmoja anatafuta kitambaa cha kijani iliyokolea, kiko juu kabisa. Bro akaniangalia kwa lile tabasamu lake. "Anza wewe, dogo."

Nikaanza. Tukaenda. Akasema arobaini na mbili, akakunja mikono kusubiri.

Nikasema hamsini na mbili.

Wakuu, bro alicheka mpaka akashika meza. Mama Zuhura, jirani yetu anayeuza madera, akatoka nje kuuliza kuna nini. Bro akamwambia, "Njoo uone maajabu, dogo kapata akili!" Hata hakuendelea na game. Akasema leo umeniweza, napanda mimi.

Akapanda huku bado anacheka. Nadhani viatu vilikuwa na maji ya mvua. Ngazi ikateleza, akaja chini na jora lake, kichwa kikagonga ukingo wa meza ya kukatia.

Akatulia. Mtu ambaye hajawahi kutulia hata kanisani.

Sitaki kueleza sana hapo. Mama Zuhura alipiga ukelele, makuli wakaacha mizigo yao katikati ya barabara, wengine wakambeba, wengine wakawa wanasukuma mikokoteni pembeni ili bajaji ipite. Watu wa Kariakoo tunasemwa mengi, ila siku hiyo niliona utu.

Hospitali walimpokea haraka. Wakampiga picha ya kichwa. Shemeji yangu alichelewa kufika kwa sababu Jangwani palikuwa pamejaa maji, ikabidi azunguke. Alipofika, daktari, dada mmoja mtulivu sana, alikuwa anatueleza.

"Picha haioneshi damu kuvuja. Hiyo ni habari njema. Lakini picha haitoshi, tunahitaji kuona akiamka anajibuje."

Bro akafumbua macho. Daktari akainama.

"Kaka Evarist, unajua uko wapi?"

"Stendi. Moshi."

"Na huyu hapa ni nani?" Akamwonesha shemeji.

Bro akamtazama mke wake kwa muda. "Dada wa tiketi."

Shemeji akajishika mdomo. Akanigeukia, akaninong'oneza, "Shem, anatania? Niambie anatania."

Na mimi sikujua! Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtu mwingine akisema hivyo unajua moja kwa moja kwamba kichwa kimepata shida. Bro akisema hivyo, inawezekana ni bro tu. Nikamtazama usoni nitafute lile tabasamu, uso ulikuwa umevimba upande mmoja, hausomeki.

Daktari akaondoka, akarudi baadaye, akamuuliza tena. Safari hii akamuuliza jina lake. Bro akajibu, "Mgeni rasmi."

Daktari hakucheka. Alitutoa nje, akasema kama ataendelea kuchanganyikiwa hivi wataita daktari bingwa na kumrudisha kwenye picha, na tujiandae, kwa sababu huenda mambo yakabadilika. Alisema kwa upole, lakini alisema.

Shemeji akakaa kwenye benchi la korido, akawa anauliza atamwambia nini Glory. Mama Zuhura, ambaye tulikuja naye kwenye bajaji, akamshika bega na kusoma dua zake kimya kimya. Mimi nikabaki nimesimama. Kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, kwamba kwa miaka yote nilikosea, na siku niliyopatia ndiyo siku aliyopanda yeye. Kama ningesema 48 kama kawaida yangu, angekuwa dukani anapima mapazia.

Nilijichukia, wakuu. Nilijichukia kwa kupata hesabu.

Halafu wakati bado naiwaza ile namba, nikakumbuka jambo. Bro anatania kwa mchumba, kwa padri, kwa askari wa barabarani. Kwenye namba hatanii. Hajawahi. Mteja akikosea hesabu hata kwa faida yetu, yeye anamrekebisha, anaumia kabisa kuona jumla mbovu.

Nikamfuata daktari. "Daktari, naomba nimuulize mimi kitu kimoja."

Akaniangalia. "Kitu gani?"

"Ni mchezo wetu wa dukani. Wa hesabu."

Nadhani alitaka kukataa, ila aliona sura yangu. "Taratibu. Akichoka, unaacha."

Tukaingia. Nikavuta kiti karibu na kitanda. Bro alikuwa amefumba macho.

"Bro," nikamwambia, "naanza mimi. Tano."

Nikasogeza kiti zaidi.

Nikarudia. "Tano."

Midomo ikacheza. "Nane."

Shemeji akasogea. Nikasema kumi na mbili. Akakaa, akakaa, akasema kumi na nane. Mimi ishirini na nne. Yeye thelathini. Mimi thelathini na sita.

"Arobaini na mbili," akasema.

Ikawa zamu yangu. Nilikuwa naijua. Niliijua asubuhi na niliijua saa hiyo. Ila nikawaza, huyu mtu amecheza mchezo huu mara ngapi maishani, hizi namba anaweza kuwa anazitoa mdomoni kama wimbo, akili haipo. Na kusema kweli kabisa kulikuwa na sababu nyingine, nilitaka nishindwe. Nilitaka nirudishe ile asubuhi, nikosee, nipande mimi.

"Arobaini na nane," nikasema.

Bro hakusema kitu. Shemeji hakujua kama nimekosea au nimepatia, alichoona ni kwamba mume wake amenyamaza tena, akaanza kulia. Daktari akanigusa bega, ishara ya kwamba inatosha.

Bro akafumbua jicho moja, lile lisilovimba.

"We dogo, si asubuhi ulisema hamsini na mbili?"

Nikamshika mkono.

"Usinionee huruma. Nimeanguka mimi, hesabu haijaanguka."

Wakuu, nimewahi kufurahi maishani. Nimewahi kuona timu yangu ikifunga dakika za mwisho. Havifiki. Nililia pale mbele ya daktari, sikuona aibu hata kidogo.

Daktari akamuuliza tena palepale. Uko wapi? Hospitali, akataja na mtaa. Huyu ni nani? "Mama Glory. Mbona analia?" Mama Glory akamfinya mkono mzima mzima, hakujali drip wala nini. Mama Zuhura alikuwa mlangoni anasema Alhamdulillah kwa sauti mpaka nesi akamwomba apunguze.

Nilitoka nje ya geti, nikakuta mtu anakaanga mihogo, nikala nimesimama na pilipili inanitoa machozi juu ya machozi. Ilikuwa mara ya kwanza kula tangu asubuhi. Mihogo ile sijui ilikuwa mizuri kweli au ni furaha tu.

Walimweka kwa uangalizi, kisha akaruhusiwa. Nilimuuliza baadaye kuhusu yale majibu. Akasema la stendi ya Moshi na la dada wa tiketi hakumbuki kabisa, huenda kweli alikuwa hayupo. "Ila lile la mgeni rasmi," akasema, "lilikuwa utani. Dada wa watu alikuwa ameniuliza sana." Shemeji hajamsamehe kwa hilo mpaka leo, na namuunga mkono.

Sasa nilichojifunza. Msije mkasema nimesema hesabu inatibu. Aliyemtibu ni daktari, mtu akigonga kichwa mkimbizeni hospitali, msikae naye nyumbani mkimuuliza namba. Ninachosema ni kwamba mjue watu wenu. Mjue kitu kimoja ambacho mtu wako hawezi kukifanyia mzaha, kwa sababu kuna siku unaweza kuhitaji kumtafuta kupitia hicho.

Na nunueni ngazi nzuri. Yetu ya zamani niliivunja mwenyewe kwa nyundo.

Bro amerudi dukani wiki hii, ana kovu na maneno mengi kuliko mwanzo. Mchezo unaendelea. Ananiambia, "Anza wewe, dogo," naanza, tunafika arobaini na mbili, na kila siku nasema arobaini na nane. Mama Zuhura anasema akili niliyopata imenitoka tena. Bro ananiangalia kidogo, anajua kabisa. Hanisuti. Anasema tu, "Hamsini na mbili. Panda."

Haya, uwanja ni wenu. Semeni na ninyi, mgonjwa wenu mngemuuliza nini ili mjue ni yeye? Nitasoma yote nikishuka, kuna mteja hapa anataka kijani iliyokolea.