Pampu ya Kizazi cha Nne

Mimi shule sikuimaliza. Niliacha mwaka wa tatu, na chuo cha Kurani nikakiacha juzuu chache kabla ya khitima. Lakini kuna gari moja la Kimarekani, gari la mbio, ambalo katika visiwa vyetu vyote hapana mtu aliyelijua tumbo lake kama nilivyolijua mimi. Na kwa ajili ya gari hilo kuna tajiri mmoja wa Mutsamudu, kisiwani Anzuani, ambaye jina langu likitajwa mbele yake hubadili mazungumzo. Nayaandika haya ili asipate pa kuyabadilishia.

Kiswahili changu nimekiokota kwenye maduka ya vipuri ya Zanzibar na Mombasa. Msomaji akikiona kina grisi, asishangae.

Nimezaliwa Patsy, juu mlimani. Watu wa Mutsamudu, wale wa nyumba za mawe chini ya ngome, walituita sisi wa juu watu wa mwituni, na walilisema bila aibu, kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Nilishuka kwa miguu, shati moja mwilini, jingine sina. Nikaosha injini za watu kwa mafuta ya taa kando ya bandari, na kabla sijaota ndevu vizuri nilikuwa nikiisikiliza injini kwa sikio nikakwambia silinda ipi inakohoa. Sijisifu. Waliokuwapo wapo, waulizwe.

Tajiri huyo alikuwa na maduka ya vitambaa, na ndiye aliyelinunua gari lile kwa mgeni aliyekuwa akiondoka. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, kiuno kimebanwa kama chupa ya soda, mabega yamepanda juu ya magurudumu. Bodi yake si bati, ni faiba, ndiyo maana chumvi ya bahari ilikula kila gari la bandarini ikaliacha hilo. Vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, basi lililala nje, chini ya turubai, na mwenyewe alitoka kila alasiri kwenda kulitazama, kama mtu anayemjulia hali mke mdogo. Kuendesha hakujua. Niliyeendesha ni mimi, niliyetengeneza ni mimi.

Alipomwoza binti yake wa kwanza, nilimleta bwana harusi kwa gari lile mpaka pale barabara inapoishia, tukashuka, tukaingia mjini kwa miguu pamoja na ngoma. Uani mikeka imetandikwa. Kwetu mkeka una cheo. Kila mtu anajua pake, na pale ulipoketi kwenye harusi ya watu ndipo utakapotajwa mwaka mzima. Bwana harusi, kijana mwenye roho nzuri, alinishika mkono akaniambia, "Dereva, njoo, kaa hapa karibu yangu." Nikakaa. Kanzu niliyovaa ilikuwa ya kuazima.

Tajiri akaja na birika la kunawisha. Alimnawisha wa kwanza, akamnawisha wa pili. Wa tatu ni mimi. Akainua birika, maji yakakatika.

"Huyu amekalishwa na nani?"

"Na mimi, baba," akasema bwana harusi.

"Mwanangu, wewe mgeni katika nyumba hii, hujui. Huyu ni wa Patsy. Ananuka petroli huyu, tukiwasha udi atashika moto." Watu wakacheka, na wengine wakarudia maneno kwa waliokuwa mbali ili nao wacheke. "Simama, we. Chakula chako kitakufuata huko kwenye gari."

Nikasimama mbele ya mji mzima. Chakula kilipokuja sikukigusa. Niliketi juu ya ukuta wa bandari nikaapa kwa Mwenyezi Mungu: atanikalisha yeye, kwa ulimi wake, kwenye mkeka wa mbele, na watu walewale wakitazama. Mengine yote niliyoyafanya maishani, na ni mengi, yalikuwa njia ya kwenda kwenye mkeka ule.

Juma lilelile nikavuka bahari kwenda Moroni, kisiwa cha Ngazija.

Huko, mtaa wa Magoudjou, nilianza na spana nne chini ya paa la mtu. Baada ya miaka saba paa lilikuwa langu, na la jirani wa kushoto pia. Teksi za mtaa mzima zilikuja kufia mikononi mwangu na kufufukia hapohapo. Lakini kazi niliyoifanya kwa siri, ambayo hakuna aliyenielewa, ni kulisoma gari lile. Gari lenyewe sikuwa nalo. Nilisoma picha. Kila mgeni aliyekuwa na gazeti la magari alinijua. Kifaransa kiliniponyoka, picha haikuniponyoka. Nikazibandika ukutani kwa mstari, kutoka babu mpaka kitukuu.

Kizazi cha kwanza kilikuwa na macho ya duara yaliyo wazi, na meno ya nikeli mdomoni. Mwanzoni walikitia injini ya silinda sita, sura ya simba na kifua cha mbuzi. Walipotia silinda nane ndipo kikawa gari. Kizazi cha pili kikaficha macho: taa zimezama, ukiziwasha zinajipindua zenyewe. Mwaka wake wa kwanza kioo cha nyuma kilikatwa katikati na ubavu mzuri wa kutazama, hata ikaonekana dereva haoni anachokiacha nyuma. Wakautoa. Cha tatu ndicho cha tajiri, chenye kiuno. Kilianza na bampa za nikeli kikamalizia na pua ya plastiki, na kila mwaka injini ilizidi kukabwa koo ili inywe kidogo, mpaka mwishowe gari lilitisha likiwa limesimama kuliko likienda. Cha nne kikachorwa upya, bapa, boneti inafunguka pamoja na mabawa yote, dashibodi inaandika tarakimu kwa mwanga. Cha tano kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka, nilikijua kwa gazeti tu: giaboksi wameihamishia nyuma.

Cha nne nilikishika. Mtu wa Moroni aliyefanya kazi Ghuba alilileta moja, akaligonga ukutani kabla Ramadhani haijaisha. Nikaununua mzoga, nikaufungua bolti moja moja, na humo ndani nikakuta jambo ambalo picha haikunionyesha. Katika kizazi cha tatu mikanda ni kadhaa, na pampu ya maji inazungushwa na tumbo la mkanda. Katika cha nne mkanda ni mmoja mpana, unajipinda huku na huku kama nyoka, na pampu unaigusa kwa mgongo. Kwa hiyo inazunguka kinyume. Kwa nje pampu hizo mbili utadhani mapacha, na matundu manne ya bolti ni yaleyale. Ukiifunga ya mwana kwenye injini ya baba itakaa sawasawa, haitavuja tone. Ila mapanga yake ya ndani yatakuwa yanayapiga maji bila kuyasukuma. Ukienda kasi, upepo unaoingia kwenye rejeta utakusitiri. Ukienda mwendo wa mguu, injini itachemka.

Kisha visiwa vikagombana. Anzuani ikasema imejitenga, meli zikasita, na Moroni watu niliokunywa nao kahawa jana wakaanza kuniuliza kwetu narudi lini. Siku moja mawe yakanyesha juu ya paa langu. Jirani yangu Mngazija, fundi cherehani, akasimama mlangoni kwangu na mkasi wake mkononi akapiga kelele, "Huyu ni mtu wa Magoudjou! Anayemtaka aanze na mimi!" Mkasi mmoja dhidi ya mtaa. Sikutaka afe kwa ajili yangu. Nilimwachia ufunguo, nikapata nafasi kwenye boti ya mizigo, na kilichonifuata ni sanduku moja. Ndani yake mlikuwa na pampu mpya ya kizazi cha tatu, ingali kwenye karatasi yake ya mafuta. Niliitafuta Mombasa safari tatu. Sikuinunua kuiuza.

Moroni wamenifukuza kwa kuwa mimi Mwanzuani. Nakanyaga gati la Mutsamudu, mchukuzi wa kwanza ananiambia, "Aa, mtu wa mwituni karudi."

Sikungoja sana. Tajiri alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, na gari lilikuwa linamwaga maji chini kama mbuzi mgonjwa. Bandari haileti kitu. Dereva wake wa siku hizo, mtu mzima mwenye adabu, akapanda Patsy kunitafuta.

"Kaka, mzee anasema ulete ile pampu. Amesikia unayo."

"Anasema au anaomba?"

"Mimi nimetumwa tu, kaka."

"Basi mwambie nitaileta bure na kuifunga nitaifunga mimi. Ila aniambie kwa kinywa chake kwamba siku ya harusi nitaketi mkeka wa mbele. Hilo tu."

Kesho yake akarudi, macho kwenye viatu vyake.

"Nisamehe, kaka. Anasema pampu ni pampu, amekwisha pata yake, inakuja kwa boti ya magendo kutoka kisiwa cha Maote. Na anasema ukitaka kukaa, huku Patsy mawe ni mengi."

Siku ya harusi nilishuka asubuhi. Boneti iko wazi kando ya barabara ya bandari, pampu imelazwa juu ya gunia. Niliiokota, nikaigeuza nyuma, nikatazama mapanga. Mara moja tu. Yalikuwa yamelalia upande wa kizazi cha nne.

Tajiri alikuwa ameketi kwenye kiti cha dukani, mwavuli juu.

"Umekuja kuniibia kwa macho?"

"Nimekuja kutazama, mzee."

"Tazama. Imetoka kwenye gari la jina hilihili. Au utasema ina kasoro?"

Ulimi uliinuka. Nasema kweli. Ufundi una adabu yake, na fundi anayeona kitu kinafungwa kinyume huwashwa mkono. Dereva alikuwa amesimama na spana ananitazama, na neno moja angelisikia.

"Pampu mpya kabisa," nikasema. "Haina hata mkwaruzo."

"Basi toka hapo. Unamzibia mwenzako mwanga, na harufu yako naisikia mpaka huku."

Hapo ulimi ukalala. Nikawaombea harusi yenye baraka, nikaenda zangu msikitini.

Baada ya sala ya alasiri dereva alikwenda kumchukua bwana harusi, na kwenda alikwenda salama, barabara tupu, maana petroli ilikuwa adimu na magari yalikuwa yamelala. Kurudi ndiko. Kwenye kingo za mji ngoma zikaingia mbele, wanawake wakaanza vigelegele, na gari likawafuata mwendo wa mguu. Nilisimama ukutani nikihesabu nguzo za umeme zinazopitwa. Nguzo ya nne, nikaona uzi mweupe kwenye ukingo wa boneti. Ya sita, uzi umekuwa shuka. Kisha likatoa sauti kama chungu kinachopasuka, maji moto yakaruka, wapiga ngoma wakakimbia, na bwana harusi akatoka na kilemba kimemwangukia shingoni.

Tajiri akaja mbio, hakuwahi kukimbia mbele za watu. Akaniona.

"Wewe! Umelifanya nini gari langu?"

"Sijaligusa, mzee. Pampu yako inazunguka kinyume."

"Ulijua?"

"Tangu asubuhi."

"Na ukanyamaza!"

Dereva, ambaye mikono yake ilikuwa imeungua, hakuweza tena kujizuia. "Mzee, huyu alitaka kukuletea ya kweli bure! Alitaka akalishwe tu. Mimi mwenyewe nilikuletea maneno, ukamtukana!"

Walikuwapo wazee wa mji, na mmoja wao, sheikh mwenye chuo, wengi wetu tulipita mikononi mwake, akauliza polepole, "Umemnyima mtu mkeka?"

"Sheikh, ilikuwa mzaha..."

"Mkeka?"

Sijapata kuona uso wa mtu ukihangaika vile. Alinitazama, akautazama mvuke, akawatazama watu. Mwisho akasema, na nililisikia kila neno likipita kwenye koo lake: "Karibu uketi, fundi. Mbele."

"Sema tena, mzee. Ngoma zinapigwa."

Hazikuwa zinapigwa. Akasema tena.

Tukaingia uani, nikaketi mkeka wa mbele. Yeye mwenyewe akaleta birika akaninawisha, na mimi vidole vyangu nilivisugua kimoja kimoja, nikarudia kucha. Sheikh akaniuliza ni nini kilichotokea, na kwetu mtu akiulizwa mkekani hakatizwi. Basi nilizungumza. Niliwapa babu mwenye meno ya nikeli, niliwapa kioo kilichokatwa katikati, niliwapa chupa ya soda, niliwapa mkanda wa nyoka, mpaka wali ukapoa na hakuna aliyethubutu kuutia mkono. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Kama visiwa vyetu. Baba mmoja, kila mmoja anazunguka kwake."

"Mimi nazungumzia pampu, bwana," nikamwambia. Watu wakacheka, na safari hii nilicheka nao.

Nimesikia wengi wakisema kisasi hakishibishi. Labda wao walikila kikiwa kibichi. Mimi nilikila na nyama ya mbuzi na maziwa ya mgando, nikaongeza sahani.

Tajiri alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Akainama, akaninong'oneza, "Utalitengeneza?"

"Ngoja nimalize kula, mzee."

Akangoja. Nilipomaliza nilinawa, nikajifuta mikono, nikamwambia hapana.