Sauti ya Tatu

Swali la tisa nililitafsiri mimi.

Tulikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, hapa Bunia, na somo lilikuwa jipya kwetu sote: utangulizi wa magonjwa ya akili, namna ya kuyatambua na namna ya kuyatibu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahudumia wagonjwa hao tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Siku ya kwanza aliingia na karatasi ya maswali kwa Kifaransa, akasema hajawahi kuona mgonjwa anayeumwa kwa Kifaransa. Kila mmoja achukue swali moja, aligeuze liwe Kiswahili ambacho mama yake nyumbani angekijibu bila kukunja uso.

Ila kwanza alitaka kujua watu hao tunawaitaje.

"Fou!" akasema mmoja, yaani kichaa kwa Kifaransa.

"Muntu wa kichwa mubaya."

"Iko na pepo."

"Rezo haiko," akasema kijana mmoja wa nyuma, kama vile mtu ni simu iliyopoteza mtandao. Tukacheka, na mwalimu naye akacheka.

"Muzuri," akasema. "Sasa muniambie. Yeye mwenyewe, anasema anaumwa nini?"

Majina ya kumwita tulikuwa nayo tele, na hatukuwa na neno hata moja la kumwuliza.

Nililipenda somo lile kuliko nilivyotarajia. Nilijifunza kwamba malaria ikipanda kichwani inaweza kumfanya mtu aone vitu visivyopo, na kwamba kabla ya kutaja akili unapima damu. Nilijifunza kwamba dawa inayomtuliza mtu inaweza pia kumkausha mate na kumfanya atembee kama aliyebeba mlango. Na huzuni, alisema mwalimu, si ugonjwa. Mtu aliyefiwa ana haki ya kulia. Uliza amelia tangu lini. Uliza analala, anakula, anachota maji, anamtazama mtoto wake. Huzuni ikimzuia hayo siku baada ya siku, hapo ndipo useme imegeuka. Nilikuwa nikiandika haraka hadi vidole vinauma, kwa sababu niliona anazungumza habari za nusu ya mtaa wetu.

Swali langu lilihusu wale wanaosikia watu wakisema nao ilhali hakuna mtu. Kwa Kifaransa lilikuwa refu. Wakati ule nilikuwa nimeanza kuandika hadithi, na Jumamosi tulikutana vijana saba au nane katika chumba cha nyuma cha duka la kunakili karatasi, tukasomeana. Fundisho letu kubwa lilikuwa kukata. Sentensi ikikatwa vizuri inapumua, tuliambiana. Basi nikakata. Nikaondoa "watu usiowaona", nikaondoa "ambazo wengine hawazisikii". Yakabaki maneno mawili: *Unasikiaka sauti?* Yaani, huwa unasikia sauti?

Mwalimu aliyasoma mara mbili. "Fupi sana," akasema. Mimi nikadhani ananisifu.

Wiki chache baadaye tukapelekwa kwenye mazoezi katika kituo cha afya kilichokuwa na chumba kimoja cha magonjwa ya akili, nyuma kabisa, karibu na jiko ambamo familia za wagonjwa hupika. Ukuta wake ulinuka moshi na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hapo, Jumatano moja, nikapewa mgonjwa wangu wa kwanza wa kuhoji peke yangu.

Alikuwa mwanamke wa rika langu, na mtoto wa miezi mitano kifuani. Walikuwa wakimbizi kutoka Djugu. Alikuwa ameletwa na mama mkwe wake, mama mwembamba aliyevaa kitambaa cheupe kichwani, na ndiye aliyezungumza kwanza. Mkaza mwana wake hapati usingizi, alisema. Anaacha chungu motoni hadi kinaungua, anaitwa haitiki.

"Weye uandike tu ukweli, dokta," akaniambia. "Kama ni wazimu, mutoto nitabaki naye miye. Siwezi acha damu yangu ku mugongo ya muntu wa wazimu."

Yule mwanamke alimsogeza mtoto akaribie zaidi, na macho yake yakahamia kwenye kalamu yangu. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba mtoto wake yuko kwenye ncha ya kalamu ile.

Nikaanza maswali. Analala? Kidogo, tena mchana. Anakula? "Natafuna tu." Nilipomwuliza kama amewahi kufikiri ni afadhali afe, alimtazama mtoto. "Na huyu nimwachie nani?"

Nikafika kwenye swali la tisa.

"Unasikiaka sauti?"

Uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Eh, nasikiaka."

"Ngapi?"

"Zote ine."

Nikaandika *nne*.

"Zinasemaka nini?"

"Zinasifu Mungu."

Hilo nalo lilikuwa katika daftari langu: wagonjwa wengi husikia mambo ya dini. "Kuko moja yenye inakusumbua?"

"Ya tatu," akasema, na machozi yakamjaa. "Ya kwanza na ya pili ziko muzuri. Ya ine iko na nguvu, inabeba zingine. Lakini ya tatu njo inanisumbua."

Niliandika kila neno: ya tatu ndiyo inayomsumbua. Nitasema ukweli wa jambo hili kwa sababu nisiposema hadithi haina maana: nilifurahi. Mtu alikuwa akilia mbele yangu, nami nilifurahi kama mvuvi wa Kasenyi aliyevuta wavu akausikia mzito. Sauti nne, na moja inazibeba nyingine! Hakuna aliyepata mgonjwa wa namna hiyo.

Mwalimu alikuwa chumba kingine na wenzangu. Daktari alipita, akaichukua ile karatasi ya mgonjwa, tuliyoiita fishi, akaisoma amesimama. Akasema kwa Kifaransa kwamba kesho asubuhi waanze dawa ya kunyamazisha sauti, na kwa kuwa dawa itapita katika maziwa, mtoto aachishwe ziwa leo leo. Mama mkwe aliyejua Kifaransa kidogo akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeshinda kesi.

"Amesema nini?" mwanamke akaniuliza.

"Amesema kesho," nikajibu.

Jioni mapema nilimkuta mama yangu barazani anapara samaki. Nilimsimulia, bila kutaja mtu wala mtaa, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwa mtaalamu.

"Sauti ine?" mama akauliza.

"Ine, mama. Na ya tatu njo inamusumbua sana."

Mama akaweka kisu chini.

"Na mi nasikiaka sauti ine. Kila Jumamosi, siku ya posho, saa tisa. Na ya tatu inatusumbuaka siye wote, kwa vile wale wanaume wanachelewa." Akaanza kucheka. "Basi mama docteur, unipeleke na mi! Utupeleke korali muzima, tukodi kamiyo ya kutubeba!"

Alicheka hadi akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilijaa magamba. Nami nikakaa kwenye ngazi. Nilikulia kanisani. Nilijua, kama kila mtoto wa mji huu anavyojua, kwamba waimbaji wa korali, yaani kwaya, hugawanywa mafungu manne, na fungu haliitwi kwa jina ila kwa namba: sauti ya kwanza na ya pili za wanawake, ya tatu ya wanaume wa juu, ya nne ya wanaume wazito. Ukikutana na mgeni anayeimba, kitu cha kwanza kumwuliza ni anaimba sauti gani. Nilijua yote hayo, na nilipovaa koti jeupe nikayasahau.

Mama aliacha kucheka aliponitazama.

"Umeisha andika?"

"Nimeandika."

"Na mutoto iko na miezi ngapi?"

"Tano."

Akaokota kisu. "Kesho uamke mbele ya kuku," akasema, wala hakucheka tena.

Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha na barabara imekuwa uji mwekundu. Pikipiki iliteleza mara mbili. "Dada, unakimbiza mwizi ama bwana?" dereva akaniuliza. Nilimwambia aangalie njia.

Nilipofika mama mkwe alikuwa amekwisha kumfunga mtoto mgongoni mwake. Mtoto alilia kwa sauti iliyochoka. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi na mikono mitupu mapajani, na kifua cha blauzi yake kilikuwa kimelowa maziwa. Mezani sindano ilikuwa tayari kwenye sinia.

Nilichuchumaa mbele yake.

"Dada, jana niliuliza mubaya. Zile sauti ine ni za korali?"

"Za korali, eh. Ulikuwa unafikiria za nini?"

"Za watu wenye hauone."

Kicheko kifupi kikamtoka. "Weye, dokta! Na uliandika vile?"

"Niliandika. Na ya tatu?"

Kicheko kikaisha. Mume wake ndiye aliyeimba sauti ya tatu. Walikuwa wakiimba pamoja, alisema, yeye mbele, mume nyuma ya bega lake la kushoto. Aliondoka kwenda Bambu kutafuta dhahabu wakati mimba ilikuwa bado haijaanza kuonekana sana. Simu yake ilinyamaza. Watu waliotoka huko, mmoja alisema hivi, mwingine vile. Hakuna mwili, hakuna kaburi, kwa hiyo hakuna matanga, na bila matanga hakuna aliyemruhusu kulia.

"Wengine wanaimba pahali yake," akasema. "Wanaimba muzuri. Lakini mi nasikia ni tundu tu. Usiku nalala natega masikio. Kama ningekuwa nasikia ye, si ningelala?"

Nilikuwa nimemwandika kuwa mtu anayesikia kisichokuwepo, naye shida yake yote ilikuwa kwamba anatega sikio wala hasikii.

Nilikwenda kwa daktari. Alikuwa na watu wawili ofisini na hakuwatoa nje. Nilieleza, nilijikanyaga, nikaeleza tena. Alinitazama juu ya miwani.

"Mademoiselle," akasema, "fishi si karatasi ya kuandikia hadithi."

Hakujua lolote kuhusu Jumamosi zangu. Neno lile lilinichoma zaidi kwa sababu hiyo. Hata hivyo akaiondoa sindano, akamwita mwalimu wetu, akasema, "Anza upya."

Mwalimu alianza upya, na ilichukua saa nzima. Mimi nilisimama ukutani. Hakusoma karatasi. Aliuliza mwanamke alikuwa akiamka saa ngapi zamani, na sasa saa ngapi. Aliuliza chungu kilichoungua kilikuwa na nini ndani. Aliuliza, tena taratibu, kama kuna watu wanaomsemesha akiwa peke yake chumbani, watu ambao mama mkwe hawasikii, akangoja jibu likajizungusha na kurudi: hapana. Akaacha kimya kikae mahali ambapo mimi ningeweka swali. Kisha akageuka kwa mama mkwe.

"Mama, huyu haiko wazimu. Ni huzuni. Imemulemea, imekuwa ugonjwa, lakini inaponaka. Atakuja kila Jumatano, tutaongea. Tutamupatia dawa kidogo ya usingizi, ile haina mubaya ku maziwa. Na nyumbani anahitaji muntu wa kubeba mutoto akishiba, ili yeye alale. Asinyang'anywe. Abebewe tu."

"Huzuni," mama mkwe akasema. Alikuwa bado amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Huzuni, na mi iko nayo. Ule mwenye amepotea, ni mutoto wangu."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Katika fishi yangu alikuwa mstari mmoja: *ameletwa na mama mkwe*.

Mwalimu alivuta kiti kingine kutoka chini ya meza, akakiweka kando ya benchi.

"Basi na weye ukae, mama."

Alisitasita. Huwezi kukaa kwenye kiti chenye mgongo ukiwa umefunga mtoto nyuma. Akafungua fundo la kitenge kifuani, polepole, akamzungusha mtoto hadi mbele, akasimama naye mikononi kana kwamba anapima uzito wake. Kisha akamweka mapajani pa mama yake, akaketi, akavua kile kitambaa cheupe na kufutia nacho uso.

Mtoto alishika ziwa kwa hasira, akaliachia, akalishika tena. Niliichukua fishi, nikapiga mstari juu ya maneno yangu yote ya jana, nikaweka sahihi yangu pembeni kama tulivyofundishwa, ili kila mtu ajue nani aliyekosea. Swali la tisa mwalimu alilifuta kwenye karatasi za darasa zima. Tulibishana wiki mbili kuhusu la kuweka badala yake, likawa la mistari mitatu, na bado sina hakika nalo.

Lakini siku ile, nilipokuwa nakunja karatasi, nikamsikia mama wa mtoto ananiita, chini chini, asimshitue mtoto.

"Dokta. Na weye unaimbaka sauti gani?"

"Mi siimbake."

"Njo maana," akasema, akamhamishia mtoto ziwa la pili.