Mhasi na Sindano Yake

Wanaume wa hapa kwetu Wamunyu wakistaafu huja kukaa kwenye benchi langu. Mimi ni Mwongeli, nauza dawa za mifugo na chakula cha kuku kando ya barabara, na benchi hilo niliwawekea wateja. Wateja husimama. Wazee ndio hukaa, wakijadili nguvu ambazo hakuna aliyewaomba.

Aliyenichosha kuliko wote ni Ndeti. Ana miaka sitini na sita. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuhasi madume, akizunguka kwa pikipiki na koleo refu la chuma limefungwa nyuma. Wenye ng'ombe huwa wanasitasita. Mwanamume humwonea dume lake huruma kana kwamba koleo linakuja kwake yeye. Ndeti alikuwa na hotuba ya kuwamaliza: "Dume inakula, inapigana, inaruka ua ya jirani. Maksai inalima. Sasa wewe unataka gani?" Mtu angecheka, angeshika kamba, na kazi ingefanyika.

Hotuba hiyo haikufika nyumbani kwake. Huko dume alikuwa yeye. Alikula, alipigana, na ua wa jirani aliuruka mpaka ukalala chini. Mkewe Kamanthe alikuwa akija jumuiya ya kanisa na shavu limevimba, anasema amejigonga mlangoni. Mlango gani huo unaopiga kila mwisho wa mwezi? Sikumpenda Ndeti wakati ule na bado sijaanza.

Kisha umri ukafanya kazi iliyowashinda wazee wa kanisa. Miaka mitano iliyopita Ndeti alianza kupoa. Akawa anakaa nyumbani, anachota maji, anapukuchua mahindi na mkewe huku wakisikiliza redio.

"Mwongeli," Kamanthe aliniambia siku moja, "sasa ndio nimeolewa."

Alisema akicheka. Mimi machozi yalinilenga.

Halafu akatokea Kiema, dereva mstaafu, nywele kazipaka weusi wa rangi ya viatu. Kiema alidai kwamba huko Nairobi anadungwa sindano za homoni ya kiume na amekuwa kijana tena. Ushahidi wake ulikuwa shati la kubana. Ndeti alimsikiliza mdomo wazi, kisha akaja kaunta akanong'ona kama mwizi.

"Mwongeli, hakuna ya ng'ombe inaweza fanya hiyo kazi?"

"Niko na ya kupe," nikamwambia.

Akaenda kupimwa Machakos. Alitolewa damu asubuhi, akarudi siku nyingine akatolewa tena. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yake Mueni, alimweleza bila kumzungusha: homoni imeshuka kidogo tu. Sindano inaweza kumsaidia hamu, inaweza isimsaidie. Damu yaweza kuwa nzito, tezi dume itabidi ichunguzwe, na kupimwa hakutakwisha. Aanze kwanza na sukari na hicho kitambi. "Halafu uongee na mama nyumbani," akamwambia. "Urudi Alhamisi."

Ndeti alirudi akaongea na benchi. Siku nne nzima karatasi ya vipimo ilipita mkono kwa mkono kama picha za harusi. Kila mzee akawa daktari. Kiema ndiye aliyefunga kesi: mwanamume haulizi, anachoma sindano tu.

Jumanne Kamanthe akaja kununua chakula cha kuku. Karatasi ilikuwa pajani kwa Kiema.

"Baba Mueni, hiyo ni nini?"

Ndeti akatazama viatu vyake. Kiema akajibu badala yake. "Mwaitu, mama yetu, mzee wako anarudishiwa ujana. Utafurahi."

Kamanthe aliweka gunia chini taratibu. Nikauona mkono wake ukipanda shavuni, pale pale pa zamani, na sidhani alijua. Sijui kama sindano hurudisha ngumi. Hata yeye hajui. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Baba Mueni, umehasi ng'ombe ngapi?"

"Nyingi. Siwezi hesabu."

"Kuna mtu alirudi kukuambia anataka dume yake?"

Wazee wote wakamgeukia Ndeti.

"Hakuna," akasema Ndeti.

"Mimi nilingoja miaka thelathini na tatu. Sasa niko na mtu wa kulima na yeye. Ukitaka ile ingine, choma. Lakini mimi nitaenda kwa Mueni, na sirudi."

Ndeti akainua uso. "Mimi nilidhani ni wewe unakosa. Nilitaka kukufurahisha."

"Uliniuliza lini?"

Lini, kweli? Alimuuliza daktari. Akamuuliza Kiema, akauliza benchi zima, akaniuliza hata mimi muuza dawa ya kupe. Yule anayelala naye kitanda kimoja kwa miaka thelathini na minane ndiye peke yake hakuulizwa. Nimeona ng'ombe wenye akili zaidi.

"Na Alhamisi?" Ndeti akauliza kwa sauti ndogo.

"Alhamisi tunapura ndengu."

Ndeti alichukua karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakuichana, niliangalia. Kisha akajitwika gunia, akamfuata mkewe.

"Huyo ameisha," Kiema akacheka.

Nikamwambia ainuke, benchi ni la wateja.

Alhamisi sikuuza la maana. Macho yalikuwa barabarani tangu alfajiri, na kila gari la Machakos lililosimama nilihesabu waliopanda. Ndeti hakuwemo. Jioni Kamanthe akaniletea ndengu mpya, nguo zake zimejaa makapi. Nilimtazama shavu kwanza, ndipo nikamsalimu.