Bega la Fundi Lipu na Binti Yake

Fundi lipu yule alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na hakuna mwanamume pale saiti aliyeweza kupiga lipu ya dari ikanyooka kama yake. Tatizo lilikuwa bega lake la kulia, lenye tabia ya kutoroka. Lilianza akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipoteleza akaning'inia kwenye jukwaa kwa mkono mmoja, na tangu hapo likazoea. Akirudisha mwiko nyuma ya kichwa kidogo tu, kitu kinateleza ndani, mkono unalegea na vidole vinakufa ganzi.

Hapo ndipo mafundi walipokula njama zao. Mmoja akipiga mluzi, mchanganya saruji anagonga koleo kwa kelele zote alizo nazo, na wawili wanamzuia msimamizi mlangoni kwa maswali ya kipuuzi. Fundi anakaa nyuma ya ukuta, anakunja goti, anafumbata mikono mbele ya goti hilo, kisha anajiegemeza nyuma polepole mpaka bega linaingia. Anajifuta jasho, anapanda tena. Walimwita Bawaba, naye akaitikia kwa kicheko. Ujinga gani huo, kumcheka mtu anayeharibika! Lakini dari zile ndizo zilizowaweka wote kazini.

Kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na minne, alizaliwa na viungo laini vilevile. Kidole gumba chake alikikunja kikalala juu ya kigasha bila shida. Mwaka jana, bega lake lilipochomoka akicheza mpira wa wavu, mama hakukimbilia hospitali. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, naye akamkunja: alimkalisha sakafuni akamfundisha kulirudisha, kama mama mwingine anavyomfundisha mwanawe kushona kifungo. Alijiona amempa ujuzi wa maisha.

Juzi juzi alimkuta binti akilitoa bega makusudi ili kuwachekesha wenzake, na moyo haukumtulia tena. Ndiyo maana hatimaye alikwenda kwa daktari wa mifupa. Bega lake lilikuwa kisingizio tu cha kuuliza la mtoto.

Daktari alimwinua mkono, akaushusha, akamvuta vidole. Kisha akamweleza kwamba kiungo cha bega kimefungwa ndani ya mfuko wa nyama ngumu na kano, na kwamba wapo watu waliozaliwa na nyuzi laini humo. Kila bega likichomoka, mfuko unavutika na kuchanika, na panapopona panabaki kovu, si nyuzi zile za awali. Wake ulikuwa umelegea kama lastiki ya sketi kuukuu. Kazi ya dari basi, alisema.

Siku nyingine neno hilo lingemwangusha. Siku hiyo lilimpita.

"Na anayelitoa kwa mchezo," aliuliza, "halafu akalirudisha vizuri?"

"Hakuna kulirudisha vizuri, mama. Kila likitoka linajitengenezea njia. Na akiwa bado mdogo ndiyo mbaya zaidi."

Alirudi nyumbani kwa miguu, akijilaani njia nzima. Alimkuta binti jikoni akikatakata vitunguu kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameuegemeza tumboni. Mtoto huyo hakuwa wa kutumia mkono wa kushoto. Mama aliuliza lilichomoka lini.

Binti alisema asubuhi, alipokuwa akichana nywele. Jana lilitoka akivaa sweta. Wiki iliyopita usingizini, mara mbili. Hakuwa akilitoa tena, alisema. Lilikuwa linatoka lenyewe, naye alilirudisha kila mara kama alivyofundishwa.

Mama alivuta kigoda akakaa. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa juu yake mwenyewe, haikuwa na pengine pa kwenda.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilidhani mtu hatakiwi kusema," alijibu binti, macho kwenye vitunguu. "Wewe linakutoka kila siku na unacheka tu. Sijawahi kukuona unalia."

Mama alimnyang'anya kisu taratibu, akakiweka mezani.

"Nalia," alisema. "Huwa nalia bafuni, nikishafungulia maji."